Masikio ya Kuazima

Pampu za Kapripointi zilimla Magesa masikio
kwa kuuma na kupuliza, kama panya,
huku zikilipandisha ziwa mlimani
likatoke kwenye mabomba ya watu.
Miaka ishirini na sita.
Siku ya kustaafu akapewa cheti
na saa ya ukutani
ambayo kugonga kwake nakusikia mimi peke yangu.

Jumapili, misa ya kwanza ikiisha,
tunashuka Luchelele: yeye na darubini
aliyoinunua Makoroboi, jicho moja lina ufa,
mimi na chupa ya chai, viazi vitamu,
na daftari la madeni la duka langu lililokufa.
Kurasa za mbele: Mama Ngollo, sukari nusu, bado.
Kurasa za nyuma: mnandi, arobaini na mmoja.

Tunakaa juu ya jiwe. Mwanza hukosi jiwe la kukalia.
Chini yetu vijana wanaogelea
wamekumbatia madumu matupu,
msichana anapigwa picha, viatu mkononi,
spika imewekwa ndani ya beseni isilowe,
na mtu anachoma sato;
moshi unatufikia bure.

"Analiaje?" Magesa huniuliza
bila kushusha darubini.

Swali dogo. Hebu lijibu wewe.
Mwaka wa kwanza niliandika tu: analia.
Akasoma, akanirudishia daftari:
"Hata pampu inalia."

Basi nikajifunza kusikia kwa ajili ya wawili.
Kwarara: mtu aliyecheka msibani, akajishtukia.
Mdiria wa madoa: funguo
mfukoni mwa mwenye haraka.
Mnandi: mlango wa stoo, bawaba hazina mafuta.
Sile-maua, anayekanyaga magugumaji
kana kwamba katandikiwa yeye,
huyo hugomba, na ugomvi wake
ni mkubwa kuliko kifua chake.
Kongoti halii. Anagonga mdomo,
ta, ta, ta, karani na mihuri yake.
"Huyo usinieleze," Magesa husema.
"Huyo nilifanya naye kazi."

Leo upepo wa usiku umesukuma kisiwa cha magugu
mpaka karibu na mawe, na juu yake yangeyange,
abiria wasiodaiwa nauli.
Magesa anahesabu kwa kidole,
mimi nafuata midomo yake:
kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane,
mpira ukatua katikati yao, pwa!
Hewa yote ikawa nyeupe.

Mtoto akaja anachuruzika maji.
"Shikamooni. Samahani, tumewatisha kuku wenu."
Magesa hakusikia neno. Akaitikia marahaba
kwa kuisoma adabu mabegani mwa mtoto,
akamvisha darubini shingoni.
Kimya. Kisha: "Kuna ndege ndani ya ufa!"
Nikacheka mpaka chai ikamwagika
juu ya deni la Mama Ngollo.

Mchana spika ilitolewa kwenye beseni
ikapandishwa juu ya jiwe.
Muziki ukajaa, ukafika kwenye meno.
Sikumsikia kwarara, sikusikia maji,
sikuisikia hata sauti yangu nikisema
turudi nyumbani, leo hakuna kitu.

Magesa akanigusa kiwiko.
"Amelia."
"Nani?"
Akaonyesha mtini ulioota kwenye mwanya wa mwamba,
huko juu, kifua cheupe.
"Furukombe. Kakitupa kichwa nyuma mara tatu.
Hukusikia?"

Alivyoniuliza! Kwa upole ule
ninaomuuliza mimi kila siku
kama amesikia hodi.

Nikafungua daftari, nikaandika:
Furukombe, mmoja. Analiaje: muulize Magesa.
Wale yangeyange nimewaacha kwenye kumi na nane.